Jiwe la Msingi Aliloweka Mdogo Wangu

Msingi wa zahanati ya kijijini kwetu, Kirua Vunjo, niliujenga mimi. Mawe yake niliyapanga moja moja kwenye tope la masika, mgongo ukiniuma hadi nikashindwa kuinama kufunga viatu. Ukuta ulipofika kwenye lenta, juu ya madirisha, kamati ya ujenzi ikatangaza kuwa mgeni rasmi anakuja kuweka jiwe la msingi. Ndivyo tunavyofanya: msingi umeshafukiwa, nyumba imesimama, ndipo tunabandika kibao cha marumaru pembeni ya mlango na kukifunika kwa pazia. Sina ugomvi na desturi hiyo. Ugomvi wangu ulikuwa na fundi aliyechaguliwa kumshikia mgeni mwiko. Walimchagua mdogo wangu.

Mdogo wangu! Niliyemfundisha mimi kushika timazi! Nilimwonea wivu, nasema kweli. Yeye ana sura nzuri na maneno matamu, na kamati ilishamdokezea kwamba siku hiyo ikienda vizuri, nyumba ya mganga wa zahanati atajenga yeye.

Jioni ya kuamkia sherehe tulibandika kibao. Yeye alishika pima maji, mimi nikachanganya saruji. Nilichanganya mchanga mtupu, na saruji kidogo ya kudanganyia macho. Nilitaka pazia likivutwa kibao kimdondokee miguuni, mbele ya mchungaji na mama yetu.

Siku ya siku nilikaa nyuma kabisa, nikisubiri. Mgeni akavuta kamba, pazia likafunguka, kibao kikabaki palepale. Mdogo wangu akapewa kipaza sauti.

“Mimi nimeshika mwiko tu,” alisema. “Msingi huu kaujenga kaka yangu, yule pale. Kaka, simama watu wakuone.”

Nikasimama. Makofi yale niliyatamani miezi yote, na sasa nilikuwa nagawiwa na yeye.

Tulipokaa kula ndizi za machalari akaninong'oneza, “Kaka, ule mchanganyiko wa jana haukushika. Nimeubandua alfajiri nikaweka mwingine.” Hakuuliza kwa nini. Akaniongezea nyama.

Kwetu mtu akikuletea jani la isale kuomba msamaha, huwezi kumkatalia. Isale imejaa mpakani mwa kihamba changu, shamba langu la migomba, na ni mwaka sasa sijakata hata jani moja. Najua atanisamehe kabla sijafungua mdomo, atanivuta ndani, atanimiminia mbege. Sitaki anishinde tena.