Mshenga wa Mbwa

Jina la Bi Sifa hakupewa na mama yake. Walimpa watu, kwa sababu mdomo wake haujapata kukutana na kitu kisichosifika. Kazi inayomlisha ni kushona mapazia, na tumpe haki yake, anaijua: pazia la Bi Sifa linaanguka wima, upindo wake hauendi kombo hata uzi mmoja. Lakini mshona mapazia, ukimfikiria vizuri, ni mtu wa kuogopwa. Anaingia majumbani mwa watu na futi kamba shingoni, anapanda kiti, anapima dirisha la sebuleni, anapima la chumbani, na huku macho yanapima mengine. Nani analala chumba gani. Nani anakula peke yake. Nani ana kitanda kipana na mto mmoja. Akishuka kwenye kile kiti, vipimo vya dirisha anavyo, na vya mwenye nyumba pia anavyo.

Ndiyo maana kwa miaka mingi alikuwa mshenga asiye na mpinzani. Kijana akitaka mke, au mama akitaka kumtoa kijana wake nyumbani, aliitwa Bi Sifa. Na mchumba akishapita kwenye ulimi wake, humpati na kasoro hata ya dawa. Mvivu alikuwa mtu asiye na papara. Bahili alikuwa mtu wa mipango. Mwanamke anayegombana na majirani wote alikuwa amechangamka. Ukimuuliza mbona hakusema yote, alikujibu kwa utulivu kwamba yeye hajasema uongo maishani mwake, ila kuna ukweli mwingine haufai kukaribishwa sebuleni siku ya posa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bi Sifa alikuwa ndiyo miguu ya kibaya.

Ushenga huo ulimwishia kwa binti wa kaka yake. Huyu ni fundi simu, mwanamke mkimya mwenye vidole vyepesi, na alilelewa nusu kwa baba yake na nusu kwenye chumba cha cherehani cha shangazi yake. Bi Sifa alimtafutia bwana mwenyewe, akamsifia mpaka ukoo mzima ukameza mate: mtulivu, mpole, hana makuu. Ndoa haikufika mbali. Binti alirudi kwao na begi moja na mkono uliofungwa bandeji. Watu walipomgeukia Bi Sifa, alikula kiapo kwamba hakujua, ya moyoni mwa mtu atayajuaje yeye, mshona mapazia. Kaka yake akamwamini, au alijitia kumwamini ili familia isivunjike. Binti hakubishana. Aliacha tu kumwamkia. Hapo ndipo shangazi mtu alipoumia, maana matusi angeyajibu, lakini kimya hakikumpa pa kushika. Na wateja wa ndoa nao wakakatika mmoja mmoja bila kuaga.

Haya. Mdomo uliozoea kazi utakaa bure? Mteja mmoja alihama na mapazia yake mapya, akaacha mbwa wake amefungwa getini. Bi Sifa akamfungua, akamwogesha, akampeleka kwa mjane wa nyumba ya tatu ambaye Bi Sifa, alipokuwa juu ya kiti akipima dirisha, alishamwona anaongea na redio. Mjane na mbwa wakapendana. Bi Sifa akarudi nyumbani ameng'aa uso. Kumbe mbwa nao wanaposwa!

Kuanzia hapo ua wake ukajaa mbwa waliotupwa, na majina ya ajabu ya heshima yakarudi kazini. Mbwa mchimba mashimo alikuwa mpenda bustani. Anayebweka mchana kutwa alikuwa mlinzi asiyeomba likizo. Mmoja aliyemng'ata msoma mita alisemekana ana msimamo. Watu walikuja, walisikiliza, walilainika, wakaondoka na kamba mkononi. Tatizo ni kwamba mbwa si mume. Mume au mke huficha kucha hata mwaka mzima, na aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia huvumilia kwa sababu ya watoto, au kwa kuogopa maneno ya watu. Mbwa hana habari na maneno ya watu. Siku ya kwanza tu anaweka tabia zake zote sakafuni.

Na hakuna aliyeziweka waziwazi kama yule wa kahawia, mwenye sikio moja lililosimama na moja lililolala. Bi Sifa alimwita Komando, akamwozesha kwa mwalimu mkuu mstaafu. Alimwambia mbwa huyu hana kelele hata kidogo, na kweli, mtu akiwepo nyumbani alikuwa kimya kama kabati. Kasoro ilikuwa moja: asiachwe peke yake. Mlango ukifungwa nyuma ya mgongo wako, analia kilio cha msiba, anakwangua mbao, kisha anarukia dirishani kukutafuta, na pazia lote linashuka pamoja na fimbo yake. Mwalimu mkuu alitoka kwenda kwenye kikao cha wastaafu, akarudi akakuta sebule iko uchi. Akamketisha mbwa mbele yake akamhutubia juu ya nidhamu kuanzia utangulizi mpaka hitimisho. Mbwa alisikiliza kwa makini sana, kwa kuwa kulikuwa na mtu. Wiki iliyofuata mwalimu alimrudisha, akamweleza Bi Sifa mapungufu ya mwanafunzi huyo kwa vifungu, na akataka mapazia mengine bure.

Mtu mwingine angejifunza. Bi Sifa alibadilisha jina la mbwa. Akawa Tulizo, akapelekwa kwa bibi na bwana waliooana karibuni, wote waajiriwa, waliotaka kujizoeza kulea kabla hawajapata mtoto. Siku ya tatu jirani alimpigia bibi simu kazini akidhani kuna mtu anauawa ndani. Walimrudisha jioni hiyo hiyo, bibi akilia, bwana akisema kwamba hata hilo la mtoto sasa wangelitazama upya. Akawa Johari, akapelekwa kwa mwenye duka la magodoro aliyehitaji mlinzi wa usiku. Huyo sitaki hata kumsimulia. Sponji ya magodoro ilionekana mtaani siku nyingi baadaye, na mbwa mwenyewe sasa alikuwa na majina matatu na haitikii hata moja.

Mwisho wake mlio ukahamia kwa Bi Sifa. Kila akitoka na futi kamba yake, mbwa alilia mpaka anaporudi. Mwenye nyumba, anayeishi ghorofa ya juu na kulala mchana kwa sababu ya zamu, alishuka na kandambili, akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba ifikapo mwisho wa mwezi atoke mbwa huyo, au watoke wote wawili. Na mtaani nani amchukue? Habari zake zilikuwa zimemtangulia kila mlango. Bi Sifa alianza kumsifia kwa muuza mkaa, muuza mkaa akamwomba asimpake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Daktari wa mifugo alipokuja kuchanja wale wengine, alichuchumaa mbele ya yule wa kahawia, akamtazama akitetemeka kila Bi Sifa aliposogea mlangoni. Akasema huyu hana ukorofi wowote. Anaogopa kuachwa. Na kila anapopelekwa kwa watu wanaotoka asubuhi, anafundishwa upya kwamba binadamu wote huondoka. Atafutiwe mtu anayeshinda nyumbani, amzoeshe kidogo kidogo: atoke nje dakika moja, arudi bila mbwembwe, kesho atoke mbili. Baada ya hapo akafunga mkoba wake, akaongeza jambo ambalo Bi Sifa hakutaka kulisikia. Mbwa akitolewa hapa bila mwenyewe, manispaa watamkamata, na mbwa aliyekwisharudishwa mara zote hizo hawamtafutii mtu, humtafutia sindano.

"Na mwenye sindano ni mimi," daktari alisema. "Usinifikishe huko, mama."

Mtu anayeshinda nyumbani! Jamani, Bi Sifa alimjua mtu huyo tangu kabla ya mwalimu mkuu. Nani aliyekwishahama kwa baba yake akapanga pake, anayefanya kazi kwenye meza ya sebuleni kwake asubuhi mpaka jioni, simu zinamfuata mwenyewe mlangoni, na sokoni hutuma mtu? Alimjua na akajitia hamnazo. Alimburuta mbwa kwa watu watatu wasiomfaa ili yeye asibishe hodi kwa mmoja. Sasa akaenda kwa kaka yake, akambembeleza ampeleke mbwa kwa binti kwa niaba yake. Kaka mtu alikuwa anasoma gazeti na hakuliteremsha. Alisema mbwa ni wa Bi Sifa na mdomo ni wa Bi Sifa, na hivyo viwili vitajua njia.

Basi siku mbili kabla ya mwezi kwisha, mchana kweupe, akaondoka na mbwa kwenye kamba. Njia nzima alikuwa anapanga sifa kama anavyopanga marinda, hii mbele, ile nyuma. Alishawahi kusimama mbele ya wakwe wakali, wajomba walevi na wazazi wanaotaka kujua kila kitu, na hajawahi kukaukwa mate. Leo alimeza hewa.

Mlango ulikuwa wazi. Binti alikuwa mezani, ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo, na bisibisi ndogo kama sindano mkononi. Aliinua macho, akamwona shangazi yake, akamwona mbwa, akarudi kwenye kazi yake. Hakuamkia. Bi Sifa akabaki kizingitini, maana hakukaribishwa, akafungua mdomo, na mdomo ukafanya ulichozoea.

"Nimekuletea mbwa, mwanangu. Mtulivu, mpole, hana makuu..."

Akajisikia mwenyewe. Maneno yaliyotoka ni yale yale, kwa mpangilio ule ule. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuongea utotoni, Bi Sifa akanyamaza katikati ya sentensi.

Binti aliweka bisibisi chini. "Sifa nimeshazisikia, shangazi. Niambie kasoro zake."

Ungemwonea huruma, kama una huruma za kutupa. Ulimi uliokuwa ukiteleza ulikwama kama cherehani iliyokula uzi. Alianza na ndogondogo: anakoroma, ananuka akilowa, anajamba akila dagaa. Binti akauliza nini tena. Akasema anakwangua milango. Nini tena? Anashusha mapazia, ameshashusha ya nyumba tatu, na mapazia mazuri. Nini tena? Akiachwa peke yake analia mpaka majirani wanapiga simu. Amerudishwa na mwalimu mkuu, amerudishwa na maharusi, amerudishwa na mtu wa magodoro, na kila aliporudi yeye alimpa jina jipya ili anayefuata asijue, sasa mbwa wa watu hajui yeye ni nani. Na mtu ambaye angemfaa alikuwa ni huyu hapa siku zote, lakini yeye aliogopa kuja. Na asipochukuliwa leo, keshokutwa ni sindano. Alisema yote hayo akiangalia kamba, na alipomaliza jasho lilikuwa limelowesha kitambaa cha kichwa. Mbwa alikuwa ameketi katikati yao, sikio moja juu, ametulia tuli, kwa kuwa walikuwepo watu wawili.

Binti alimtazama mbwa, kisha shangazi yake.

"Kumbe unaweza," alisema.

Akaisukuma pembeni ile simu iliyofunguliwa.

"Lile pazia la chumbani kwa yule bwana, ulishona wewe. Upindo wako naujua, umenifundisha mwenyewe. Lilikuwa ukutani pasipo na dirisha."

Wiki ya kwanza ya ndoa binti alilivuta akitafuta mwanga. Nyuma yake hapakuwa na kioo. Palikuwa na ukuta uliotobolewa kwa ngumi, shimo juu ya shimo, mengine ya zamani yenye vumbi, mengine mapya. Bwana harusi ndiye aliyeagiza pazia lile kabla ya harusi ili nyumba ipendeze, na mtu hawezi kupima pazia la ukuta bila kusimama mbele ya ukuta wenyewe.

Jibu Bi Sifa alikuwa nalo, kalitunza muda wote huo. Kwamba alidhani ni fundi umeme aliyetindua vibaya. Kwamba yeye alipima upana na urefu tu, si zaidi. Lilikuwa jibu zuri, lingempita kaka yake bila taabu. Alilifungulia mdomo, akamtazama binti, likamfia kooni.

"Niliyaona," alisema. "Nikapanda kiti, nikayapima, nikashona. Nilijua, mwanangu."

Machozi yalimtoka, na hakuna aliyemwambia asilie. Binti alinyanyuka, akazunguka meza, akapokea kamba kutoka mkononi mwa shangazi yake bila kumgusa vidole. Mbwa akamfuata ndani papo hapo, akaenda kujilaza chini ya meza ya kazi kama vile alikuwa na miadi. Binti akarudi mlangoni, akashika kitasa.

"Mbwa nimempokea," alisema. "Wewe bado, shangazi."

Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza.