Gofu la Mkonge Lina Majirani

Siku moja bado naikumbuka kama ya jana, mwanangu, na naikumbuka kwa kero, maana nimeisimulia mpaka ulimi umechoka na bado hamsikii. Juzi tena mjukuu wangu Jofrey kaja kutoka Mikumi kwa bodaboda, kaniamkia vizuri, kisha kanionyesha kwenye simu picha yake akiwa amesimama juu ya boriti la kiwanda cha zamani cha mkonge hapa Rudewa. "Babu, ona mwanga ulivyoingia." Mwanga nimeuona. Nimeona pia kwamba chini ya boriti hapakuwa na kitu. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini nyinyi hata dawa yenyewe mnaipiga picha.

Haya, na wewe mwenye simu mkononi, sikiliza tena.

Ujanani nilikuwa na rafiki aliyeitwa Beda, mpiga picha. Alizunguka kwa baiskeli kwenye magulio, leo Ulaya, kile kijiji cha huku kwetu Kilosa, kesho Rudewa, akiwapiga watu picha za arusi na za watoto. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, baba zetu wamekwisha kuachishwa kazi, majani yameota mlangoni. Beda akasema anataka kuipiga picha ile mitambo kabla haijauzwa vyuma chakavu. Nikamfuata. Hatukumuaga mtu, tuliona hakuna wa kumuaga, maana wenye kiwanda walishaondoka.

Tulipanda ngazi ya chuma hadi sakafu ya juu. Beda alitaka mashine kubwa ya kuchakata mkonge iingie yote kwenye picha, basi akawa anarudi nyuma, jicho moja kwenye kamera, la pili kalifumba. Akarudi, akarudi tena. Mara bati la sakafu, lililoliwa na kutu, likapasuka, na mguu wake ukazama hadi pajani. Mfupa niliusikia.

Nilipomvuta alilia, nilipotaka kwenda kutafuta watu alinishika shati. Basi nikabaki napiga kelele, jua likatoka utosini likaelekea magharibi. Hebu fikiri, sauti inakukauka ndani ya jengo ambalo hakuna anayejua kwamba umo. Aliyetusikia ni mfugaji aliyekuwa anatafuta ndama wake. Alichungulia, akakimbia, akarudi na wanaume wa jirani, na pamoja nao Bi Mwanahawa, mama aliyeishi karibu na lango la kiwanda.

Walipokwisha kumtoa Beda na kumlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe, yule mama akanigeukia.

"Mlipita wapi kuja huku?"

"Mbele ya nyumba yako, mama."

"Nilikuwepo?"

"Ulikuwepo. Ulikuwa unapepeta mpunga. Tulikuamkia."

"Mliniamkia, nami nikawaitikia," akasema. "Mkashindwa kuongeza neno moja tu, kwamba mnaingia humo? Ningewaambia sakafu ile ilikwisha kumwangusha mlinzi. Mnaitaka sura ya nyumba, na waliobaki nayo hamtaki kuongea nao."

Nilitembea nyuma ya mkokoteni hadi barabarani, tukapata lori la kwenda hospitali Kilosa. Beda alipona, lakini goti halikukunjika tena. Baiskeli ikamshinda, na magulio yakamwishia. Mashine nayo ilikatwakatwa ikauzwa kabla hajaacha magongo, kwa hiyo hata ile picha hakuipata.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nyinyi methali hiyo mmeisoma shuleni. Mimi niliifuata nyuma ya mkokoteni. Na sisi hilo la mkuu hata kulitafuta hatukulitafuta.

Simkatazi mtu kupiga picha, mwanangu, acha kununa. Magofu hayo, yalipokuwa viwanda, ndiyo yaliyowaleta babu zetu huku kutoka mbali, na mkiyapiga vizuri mtatuachia kumbukumbu. Ninachosema ni hiki: nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Kwa hiyo simama kwa jirani wa gofu, muulize, umwambie unaingia na akutegemee lini. Kama hapafai, piga ukiwa nje. Na ukitaka kusogeza mguu, shusha kwanza hiyo simu.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuona uzuri na la kuona shimo, awaweke watu wema njiani mwako, na akujalie kuzeeka, ili picha zako uwasimulie wajukuu kwa kinywa chako mwenyewe. Amina.