Kadi ya Mtandao na Banda la Nguruwe

Mke wangu alikwenda India kusomea uuguzi wa juu, mimi nikabaki Mshangano, hapa Songea, na nguruwe watatu na magunia ya mahindi. Mimi shule niliishia kidato cha pili, nacho sikukimaliza, kwa hiyo tukigawana vyeti vya nyumbani kwetu yeye anachukua ukuta mzima, mimi nabaki na kile cha kipaimara.

Akamtuma mwenzake aliyekuwa anarudi aniletee laptop kuukuu. Kwenye karatasi aliyoifungia ndani aliandika kwamba chuoni wanataka kumwongezea mwaka mwingine wa masomo na jibu linatakiwa Jumatatu ya wiki ya pili. Hatajibu mpaka asikie sauti yangu mwenyewe. Jumapili ya kabla yake, baada ya misa, nikae hewani, atanipigia kwa kompyuta.

Hosteli ya wageni ya hapo jirani ilikuwa na mtandao usio na waya. Msimamizi wake alinipa neno la siri, maana Pasaka nyama yake hutoka bandani kwangu. Tatizo laptop yenyewe haikuwa na kadi ya kunasa huo mtandao.

Nikaifunga kwenye kitenge cha mke wangu nikaenda nayo mjini, kama mtu anayempeleka mtoto kupimiwa viatu. Fundi akachungulia tundu la ubavuni.

"Mzee, hapa zinaingia kadi za aina mbili. Hii bapa inazama yote ndani. Hii nyingine ina nundu nje, nundu ndiyo antena. Chukua yenye nundu."

Nikaitazama ile ya nundu. Ilionekana kama kitu kilichoingizwa vibaya kikagoma.

"Nipe hiyo bapa," nikasema. "Mke wangu anapenda vitu nadhifu."

"Mkeo si yuko India?"

"Ndiyo. Hata hivyo."

Nyumbani taa ndogo ya kadi ikawaka, mtandao hamna. Sasa Songea nzima inajua televisheni ikikataa unafanyaje: unaipandisha antena. Kila nyumba ina mwanzi mrefu wenye antena kichwani, na mtu mmoja yuko nje anauzungusha huku wa ndani anapiga kelele rudisha, rudisha. Basi nikapanda juu ya magunia sebuleni, mahindi yaliyokuwa yanasubiri wenye malori wapandishe bei, nikakaa na laptop mapajani, kichwa kinagusa bati. Nikaigeuza kuelekea hosteli, nikaigeuza kuelekea milima ya Matogoro. Wa kuniambia rudisha hakuwepo.

Jirani yangu, mama mmoja mcheshi, akachungulia mlangoni akiomba chumvi.

"Shemeji, umehamia darini?"

"Namtafuta dada yako."

"Huko juu? Kwani amekufa?"

Alicheka, akachukua chumvi, akaondoka. Nyumba ikarudia ukimya wake.

Jumamosi nikarudi kwa fundi, nikakubali nundu. Akanizimia na ule mpangilio unaoifanya kadi isinzie ili kutunza betri. Nilipomweleza habari ya magunia akaweka bisibisi chini.

"Bati linazuia, mzee, na hayo magunia nayo yanakula mawimbi. Toka nje. Zunguka nayo mpaka upate."

Bati lenyewe ndilo nililojivunia mtaa mzima siku ya kuezeka. Nikazunguka kiwanja na laptop mikononi kama mhudumu wa altare. Jikoni, mistari miwili ya mtandao. Kwenye migomba, mmoja. Mistari ilijaa mahali pamoja tu: bandani kwa nguruwe, ambako niliezeka kwa nyasi kwa kuona kwamba wao hawana wa kumringia.

Jumapili nikajifungia humo na shati la misa, nimekalia ndoo. Akapiga. Sauti yake ilikuwa karibu hivi.

"Baba, uko na nani hapo? Mbona anakoroma?"

"Niko na nguruwe. Wamekuja kukusalimia."

Akacheka. Kisha akasema, "Msogeze nimsikie vizuri." Nikaisogeza laptop kwa yule jike mkubwa, akaguna, na kutoka India nikasikia mtu anavuta kamasi.

"Nikae, au nirudi?"

Wiki nzima nilikuwa nimepanga neno moja. Rudi. Nililifanyia mazoezi hata nikiwapa pumba.

"Kaa umalize," nikasema. "Nyumba hii ina mtu mmoja tayari aliyeacha shule njiani. Na mimi niko na watu, jirani haishi kuja."

"Kweli?"

"Anamaliza chumvi yako."

Tukaagana. Sikuinuka. Kadi, kwa kuwa ilikatazwa kusinzia, iliendelea kuwaka na kuzima ile taa yake ndogo ya kijani, na yule jike akainusa nundu, akaona hailiki, akaja kulala miguuni kwangu. Nikakaa naye mpaka betri ikaisha.