Dawa Iliyopita Mwili Mzima

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya watoto huko Kilifi, miaka ya themanini, Sista Mkuu alinipa sindano ya maji ya chumvi, nipime mshipa kabla ya dawa ya saratani.

"Dawa ikivuja nje ya mshipa, nyama inaoza," aliniambia. "Ikiingia sawasawa, inazunguka mwili mzima. Uvimbe itaupata, na visivyo na kosa itavipata pia."

Mgonjwa alikuwa Kadzo, aliyeletwa kutoka Ganze na babake, Karisa, mchoma makaa. Saratani ya taya ilikuwa imemvimbisha hata meno yakalegea. Baada ya dozi ya kwanza uvimbe ulinywea, tukafurahi. Kisha nywele zikapukutika, kinywa kikajaa vidonda, hata uji ukamshinda.

Karisa aliniita barazani.

"Sista, uvimbe unaisha, na mtoto naye anaisha. Nimrudishe nyumbani?"

Nilimwita Daktari. Aliketi kando yake.

"Mzee, siwezi kuiambia dawa ikae kwenye taya peke yake. Tukiacha, uvimbe utarudi. Tukiendelea, huenda asihimili. Sitakudanganya."

Karisa aligeuka kuelekea wodini. "Endeleeni," akasema.

Baada ya dozi ya pili homa ilimshika mtoto. Dawa ilikuwa imemaliza chembe za damu zinazopigana na maradhi. Kadzo alifariki asubuhi, babake amemshika miguu. Karisa alimpapasa taya, halina uvimbe tena.

"Sura yake imerudi," alisema.

Baadaye nilihamishiwa hospitali ya Malindi. Siku moja nikamwona Karisa kwenye foleni ya wagonjwa na mtoto wa jirani yake, taya ndiyo kwanza laanza kuvimba.

"Baba Kadzo, baada ya yale yote?"

"Huyu nimemuwahi. Mtieni dawa."

Tulimpeleka Kilifi. Aliteseka, lakini akapona.

Sasa nimestaafu. Nasikia wataalamu wanaifungia dawa ndani ya vichembe visivyoonekana kwa macho, ili sehemu kubwa zaidi ifike kwenye uvimbe na nyama iliyouzunguka, na mwili uliobaki usiumie sana. Wenyewe wanakiri bado haifiki yote inakotumwa. Tulichokuwa nacho sisi ni mshipa na dua.

Nilipokwenda Ganze kumjulia hali Karisa, nilimweleza habari hiyo. Alisikiliza hadi mwisho, mikono magotini.

"Waambie wafanye hima, sista."