Nilivyoyeyusha bushi ya pampu ya Kitangari kwenye CNC, na mpaka sasa sijaelewa

Wakuu, za mchana. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Masasi, sijaongeza chumvi.

Nina CNC, mashine inayoongozwa na kompyuta, ya kuchonga milango na vitanda. Mbao naijua. Plastiki sikuwahi kuigusa.

Juzi akaja Mama Asha wa Kitangari, yuko kamati ya maji kwao. Kaleta bushi ya pampu ya mkono, pete ya nailoni, imepasuka katikati. Na kipande kipya cha nailoni walichoagiza Dar.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nichongee kama hii. Leo siku ya nne tunafuata maji bondeni."

Kipande kinatosha bushi mbili tu.

Nikawaza, kitu laini hiki, twende taratibu. Spindle, mota inayozungusha bit (kisu cha kukatia), nikaiacha mizunguko 18,000 kwa dakika kama ya mbao. Feed, yaani mwendo wa bit kwenda mbele, nikaweka milimita 600 kwa dakika.

Wakuu, ikayeyuka! Nailoni ikajiviringisha kwenye bit.

Nikashusha feed hadi 300. Moshi!

Bushi ya kwanza kwisha habari yake. Mama Asha yuko kwenye benchi, anakitazama kipande kilichobaki. Bora angenisema.

Nikampigia Baba Neema wa Newala, fundi wa siku nyingi wa kukereza vyuma.

"Unaisugua, huikati," akasema. "Punguza mzunguko, ongeza mwendo. Funga bit ya jino moja."

"Niongeze? Si bit itavunjika?"

"Ongeza, mwanangu."

Nikaweka 12,000, feed 1,800. Kidole kiko juu ya kitufe cha kuzimia.

Zikatoka chenga nyeupe, kavu, kama nazi iliyokunwa. Ukingo safi kabisa!

Mama Asha akaigeuzageuza, akaifunga kwenye pindo la kanga, akawahi gari. Jioni akapiga: maji yanatoka. Nyuma yake nasikia wanawake wanacheka na ndoo zinagongana. Nilikaa chini, wakuu.

Sasa kinachonivuruga: jana nimekata acrylic, ile plastiki ngumu kama kioo, kwa namba zilezile, IKAPASUKA. Nikapunguza feed, ikatulia. Namuuliza Baba Neema, anasema acrylic hajawahi kukata.

Nilichojifunza: plastiki ikiyeyuka, usikimbilie kupunguza mwendo kwa woga. Na anza na kipande cha kutupa, mimi nilianza na maji ya watu.

Mengine sielewi. Mnaokata plastiki kila siku, mwagikeni hapa chini. Kitangari wananiita mtaalamu. Niambieni ukweli: nilijua, au nilibahatisha?