Kofia ya Manjano

Kisa hiki nimekaa nacho miezi mitano. Nilikuwa mtaani Bwiza, kwenye duka la kuchapisha barua, nikingoja zamu. Mbele yangu alikaa mama mmoja, mfuko mapajani. Alitaka barua ya Kiingereza ya kuombea viza, aende kwa binti yake aliyeolewa ng'ambo.

“Unaenda kufanya nini kule, mama?” mchapaji akauliza.

“Kumusalimia mutoto wangu. Andika ivyo tu.”

Mchapaji akaandika “for visiting”. Mwalimu aliyekuwa akingoja nyuma yangu akaruka: “Apana! Ivyo ni vya kitu, kama kisu cha kukatia nyama. Mutu mwenye nia yake anaandika ‘to visit’!”

Wakabishana, wakafuta, wakaandika upya. Mama hakuwasikiliza. Mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko, ukipapasa kofia ya sufu ya manjano, ndogo kama ngumi. Aliponiona naitazama, akaisukuma chini.

“Mimba haitangazwi,” akaninong'oneza. “Mutoto azaliwe kwanza.”

Mwalimu alishinda. Barua ikatoka na Kiingereza safi kabisa, na wale mabwana wawili wakapeana mikono. Walikuwa wamepigania namna ya kuandika nia ya mtu bila hata mmoja wao kumtazama mikono.

Juzi nilikutana na yule mama sokoni Jabe, amerudi. Hata salamu hakungoja.

“Sasa unaweza kusema,” akaniambia. “Ni musichana.”