Mwalimu Amoni na Pikapu ya Ndaga Kyala

Mume wangu, Mwalimu Amoni, alistaafu kufundisha, lakini kalamu yake ilikataa kustaafu. Kila Jumatano ana safu yake kwenye gazeti moja la Mbeya, na habari ni zilezile: madereva wa Tukuyu. Mara wanakata kona kwenye ukungu bila kupiga honi, mara wanaegesha pale mtaa wetu wa Bagamoyo juu ya njia ya baiskeli, hadi watu wa kijiji cha Ikuti wanaosukuma mikungu ya ndizi wanalazimika kushuka barabarani kwenye malori. Mimi niliishia darasa la saba, ila kila safu hunisomea kabla ya kuipeleka.

Safu moja ya mwezi wa tatu hakunisomea. Nilikuwa kijiji cha Masoko kwenye semina ya akina mama.

Aliandika kwamba "mlevi mmoja wa usukani" amemwangusha mtu wa baiskeli kwenye njia yake, kisha hakusimama. Jina hakutaja. Alisema tu pikapu ni nyeupe, na nyuma imeandikwa Ndaga Kyala, yaani asante Mungu.

Basi mji mzima ukajua ni Ambindwile, mzee wa kanisa letu. Kumbe pikapu aliiuza tangu Krismasi, na aliyenunua hakufuta maandishi. Nani angethubutu kusugua jina la Mungu kwa petroli?

Jumapili, tulipotoka ibadani, wanakwaya wakamwambia Ambindwile, "Mzee, leo umekuja kwa miguu? Wenye baiskeli wanashukuru!" Hakucheka. Jumanne ikaja barua ya wakili: Mwalimu aombe radhi gazetini ndani ya siku saba, la sivyo mahakamani kwa kumchafulia mtu jina. Mhariri naye akapiga simu. Tukishtakiwa, alisema, safu yako basi.

"Sikumtaja mtu mimi," Mwalimu akanung'unika. Chakula hakugusa.

"Baba Tusajigwe, kila mtu alimwona Ambindwile humo. Vaa koti twende."

Nilikuwa nimeshaomba kwa ajili yao wote wawili, na huyu mbishi nilimwombea zaidi.

Ambindwile alitufungulia mlango nusu. "Mama Tusajigwe, karibu ndani. Wewe mwandishi subiri hapo hapo."

Mvua ilikuwa inanyesha. Nikakaa, nikapewa chai, mume wangu amesimama barazani kama mwanafunzi aliyechelewa namba ya asubuhi. Kikombe kikaisha ndipo akaitwa.

"Wajukuu wangu wanaulizwa shuleni kama babu yao anakunywa," Ambindwile akasema. "Mimi, ninayehudumu kwenye meza ya Bwana!"

Mwalimu akavua kofia. "Nimekosa, mzee. Niliona maandishi, nikaona yanatosha. Dereva sikumtazama, na ulevi niliuongeza mwenyewe. Nitaandika hivyo. Ila habari ya baiskeli sitaifuta. Yule mtu aliangushwa kweli."

"Nani kakwambia uifute? Aliyenunua gari langu nitakupeleka kwake mimi mwenyewe. Na safari hii jina langu uliandike lote, na la baba yangu, watu wasibahatishe."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Jumatano radhi ikatoka gazetini, na jina la Ambindwile lote, na la baba yake, na kwamba hajawahi kuonja pombe. Barua ya wakili ikafutwa. Jumapili Mwalimu alikuwa mlangoni mwa kanisa na magazeti kumi, anawagawia watu kwa mkono wake, akianza na wanakwaya.